Mbuzi Watatu wa Laini ya Pili

Kilichotangulia ni harufu. Harufu ya beberu, ile kali inayoshika pua na kukataa kuachilia, ndani ya nyumba ya Nthambi ambamo hapakuwa pamewahi kufugwa hata kuku. Alipiga deki kwa dawa, akafungua madirisha, akanusa viatu vya mumewe kimoja baada ya kingine, maana viatu vya Muema navyo vilikuwa na mambo yao. Wapi! Harufu ilitoka kwenye rafu ya sebuleni, pale ilipokaa ruta mpya ya intaneti, na juu ya ruta yenyewe palikuwa na vumbi jeupe, laini kama unga wa ngano. Akalipangusa. Kabla chai haijachemka, lilikuwa limerudi.

"Ni hii barabara," akajiambia. Lakini vumbi la barabara ya Machakos ni jekundu. Yeyote aliyewahi kufua soksi za mtoto wa shule analijua hilo.

Ili ujue hiyo ruta ilifikaje pale, ijue kwanza shida ya mwanamke mwenyewe. Nthambi alifanya kazi ya simu akiwa nyumbani. Watu wa ng'ambo ambao mizigo yao imechelewa hupiga kulalamika, simu inaingia kwenye kompyuta yake hapo Machakos, naye anawajibu kwa Kiingereza cha puani hadi majirani wakamwita Mzungu wa Mwangangi, yaani wa babake. Kazi ilikuwa nzuri, ila ilitaka intaneti isiyokatika, na yake ilikatika kila wingu lilipokohoa. Meneja alikuwa ameshamwonya kwa mara ya mwisho. Muema, mwanamume aliyekuwa akikaa naye, alishona suruali kiwandani huko EPZ Athi River, akawa mtu wa kuonekana Jumamosi na kupotea Jumapili. Mkate wa nyumba hiyo ulipita kwenye ule waya, na aliyeula kwanza ni Lavender, binti yao wa pekee, aliyekuwa chekechea.

Wazo alipewa na Kulmiye, Msomali mwenye duka la vifaa vya simu karibu na soko.

"Dada, usibadilishe laini. Ongeza ya pili, halafu uchukue hii." Akamwekea mezani ruta yenye matundu mawili ya kuingizia intaneti. "Hii inagawa mzigo. Kazi yako inapita huku, katuni za mtoto zinapita huku. Laini moja ikifa, nyingine inabeba yote. Watu wa nyumba hawajui hata kama kulikuwa na kifo."

"Na hazigombani, laini mbili kwa nyumba moja?"

"Kwani ni wake wenza?" Kulmiye akacheka hadi meno ya nyuma yakaonekana.

Laini ya pili Nthambi hakuinunua. Ilikuwa hapo hapo, ng'ambo ya ukuta, kwa jirani yake Mbithe, mjane. Mbithe alikuwa na mwana mmoja tu, Kyalo, karani kwenye machimbo ya mawe huko Lukenya, na ni huyo Kyalo aliyemwekea mamake intaneti ili amwone uso kila jioni. Kisha mwamba ukamwangukia, hajaoa, hajaacha hata mtoto wa kusingiziwa. Mbithe akamzika, lakini laini hakuikata. Aliendelea kuilipia, ikawa inawaka usiku na mchana kwenye nyumba ya mwanamke asiyejua hata kuifungua simu ya kupangusa kwa kidole. Wengine walisema ni huzuni. Wengine, wale wenye midomo, walisema mbona anaongea jioni na mlango umefungwa?

"Chukua, mwiitu, binti yangu," Mbithe alimwambia Nthambi. "Pitisha waya juu ya ukuta. Si inakaa tu bure? Ila jina lake usilibadilishe. Liache vile mwanangu aliliandika."

"Nitakushukuru na nini, mwaitu, mama yangu?"

"Wewe unishukuru? Ni mimi nitashukuru watu wa kwenu."

Na kweli akawashukuru. Wiki hiyo hiyo alipeleka mbuzi huko Kola kwa Mzee Mwangangi. Nthambi aliposikia alicheka, akashangaa ni shukrani ya aina gani hiyo inayorudi nyuma, mwenye kutoa akawa ndiye mwenye kutuza. Akasema ni uzee. Hakuuliza mbuzi walikuwa wangapi, wala walifika saa ngapi. Alikuwa anafurahia intaneti. Hiyo nayo ilikimbia! Mvua ilinyesha, stima ikayumbayumba, na simu zake hazikukatika hata moja.

Baada ya harufu na vumbi, meneja akamtumia ujumbe. *Ni nani anakaa nawe chumbani ukiwa kazini?* Chini yake alikuwa ameambatisha simu iliyorekodiwa.

Nthambi akaweka vidude vya masikioni na kusikiliza. Alijisikia mwenyewe akimsalimu mteja, sauti yake ile ya puani, akaanza kusema samahani kwa usumbufu. Hapo katikati ya sentensi, pasipo kupumua, sauti ya kiume ikaichukua sentensi ile na kuimaliza. Sauti kavu, yenye kikohozi kidogo. Kisha ikarudi yake. Kisha ile ya kiume. Nusu yake, nusu ya huyo, kama watu wawili wanaobeba sufuria moja kwa masikio. Mwishoni mteja aliuliza mzigo wake utafika lini, na yule mwanamume akajibu kwa Kikamba, kwa upole kabisa: mke wangu amechoka, mwacheni apumzike.

Alivuta vile vidude masikioni kana kwamba vimemchoma. Lavender alikuwa amekaa chini ya meza, akichora.

"Huyo ni Baba wa ukutani," mtoto akasema, bila kuinua kichwa, na wala hakuwa na chochote masikioni.

"Nani?"

"Baba wa ukutani. Anakohoa kwa sababu ya mawe." Akakohoa yeye pia, kikohozi kidogo, kikavu, cha kuigiza. Nthambi aliomba Mungu kiwe cha kuigiza.

Jioni hiyo aliingia kwenye ukurasa wa ruta. Kulmiye alikuwa amempangia mizigo nusu kwa nusu, laini yake na laini ya jirani, na mistari miwili ya rangi ilionyesha kila moja inabeba kiasi gani. Mstari wake ulikuwa umebaki kijiti. Ule wa pili ulikuwa umejaa hadi ukingoni, na kando yake lilisomeka jina ambalo Mbithe alikataza libadilishwe: KYALO NYUMBANI. Akaurudisha nusu kwa nusu. Akahifadhi. Mbele ya macho yake, polepole, kama mtu anayesukuma mlango asiwaamshe waliolala, mstari wa pili ukaanza kupanda tena.

Kesho yake adhuhuri, jua likiwa wima na mbwa wote wamelala, Nthambi aliona hiyo inatosha. Alikwenda kwenye rafu, akaushika ule waya uliotoka juu ya ukuta, ambao ulikuwa na joto, joto la mkono wa mtu, akauvuta ukachomoka, na kabla hajageuka akasikia kishindo jikoni, akakimbia, akamkuta Lavender chini sakafuni, macho wazi, mdomo wazi, kifua hakipandi wala hakishuki, akamwinua, akamtikisa, akampuliza kinywani na kuonja vumbi la mawe, akaita Yesu, akaita mamake aliyekufa, akakimbia naye mlangoni, mtoto amelegea mikononi kama nguo mbichi, kisha, asijue ni nani aliyemfundisha, akageuka, akarudi sebuleni mtoto akiwa begani, akautafuta waya kwa vidole visivyosikia, akaukosa, akaupata, akausukuma ndani ya tundu lake.

Taa ya pili ikawaka. Lavender akavuta pumzi.

"Usimfungie nje, Mama," akanong'ona. Pembeni mwa midomo yake palikuwa na unga mweupe. "Akifungiwa nje ananishika mkono twende."

Tangu hapo Nthambi hakuugusa tena ule waya. Mtu aliyewaona wiki hiyo angedhani ni mwanamke anayelinda moto. Alilala sebuleni chini ya rafu, akihofia stima ipotee, akihofia panya, akihofia mkono wake mwenyewe. Alikuwa analisha mashine iliyokuwa inamla mtoto, maana Lavender alizidi kukonda na kunyauka. Mezani aliacha nusu ya ugali wake kila siku, akisema ni ya Baba.

Akamwita Kulmiye. Jamaa alikuja na bisibisi na mzaha wake, akakaribia rafu, akanusa, na mzaha ukamwisha. Aliinama kuchungulia matundu ya ruta. Vumbi jeupe lilikuwa linamwagika mle ndani taratibu, kama mchanga.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, akirudi nyuma, "kifaa changu hakina kosa. Kinapitisha kile kinachopewa. Wallahi, huyu ni jini, na jini kama huyu haingii kwa mtu bila mkataba. Mtafute aliyefunga mkataba."

"Mimi sijafunga kitu na mtu!"

"Basi umefungiwa."

Muema akaja Ijumaa, akiomba ruhusa kazini kwa uongo wa msiba. Aliingia na peremende mkononi, akachuchumaa mbele ya binti yake. Lavender alimtazama kama mgeni wa kanisani.

"Wewe ulileta ngapi?" mtoto akauliza.

"Peremende? Mbili, mummy."

"Si peremende."

Usiku huo hakuna aliyelala, wakiulizana deni ni la nani, na asubuhi Muema alikwenda Kola kumleta Susu Kamanthe, yaani Bibi Kamanthe, mganga mkongwe, kwa kuwa mtoto mwenyewe hakuweza kutolewa. Walikuwa wamejaribu, walipomfikisha barabarani alianza kulegea. Susu Kamanthe alikuwa mfupi, ana jino moja la mbele na simu mbili. Hakupiga ngoma wala hakutandika vibuyu. Aliketi kwenye kochi, akavuta pua, akasema, "Beberu," kisha akamgeukia Nthambi.

"Wewe mwiitu umeolewa na nani?"

"Si huyu, susu. Baba Lavender."

"Sijauliza unalala na nani. Nimeuliza umeolewa na nani. Huyu alileta ntheo?"

Muema akakitazama kidole chake cha mguu. Huko Ukambani unaweza kukaa na mwanamke hadi nyote wawili mwote mvi, mzae, mjenge, mpigwe picha kwa harusi ya kanisa, lakini mbuzi wa ntheo wasipofika kwa babake, mbuzi watatu, jua likizama, huyo si mke wako. Ni wa babake bado. Na yeyote atakayewafikisha hao watatu langoni, wakapokelewa, huyo ndiye mume, na watoto ni wake, hata wale aliowakuta.

"Nilikuwa najipanga," Muema akasema.

"Kuna mtu alimaliza kujipanga kabla yako," Susu Kamanthe akasema. "Mpigie Mwangangi simu. Iwekwe kwa sauti."

Mzee Mwangangi aliitika kwa furaha, mbuzi wakilia nyuma yake.

"Baba, wale mbuzi wa mama Mbithe. Walikuwa wangapi?"

Mzee akawafokea mbuzi watulie.

"Baba."

"Watatu."

"Walifika saa ngapi?"

"Si nilikuambia jioni."

"Hukuniambia! Jua lilikuwa wapi?"

"Nthambi, mtoto wangu... lilikuwa linazama. Mama huyo alisimama langoni akasema ametumwa na mwanawe. Nilijua mwanawe alikufa. Kila mtu anajua." Sauti ya mzee ikapasuka. "Lakini nimengoja huyo wako tangu Lavender hajazaliwa! Wazee wenzangu wananicheka. Nikasema, wacha nipokee. Mtu aliyekufa atakudai nini?"

Hapo kwenye rafu taa ya pili iliwaka na kuzimika haraka haraka, na nyumba nzima ikanuka zizi.

"Rudisha," Susu Kamanthe akaiambia simu. "Kwa mkono ule uliopokea, saa ile ile, miguu ile ile waliyokuja nayo."

"Wawili wapo. Majike."

"Na wa tatu?"

"Beberu tulimchinja Pasaka. Nthambi, si nilikutumia mguu? Na figo nikasema ni ya Lavender."

Nthambi alikumbuka. Alikumbuka jinsi mtoto alivyoifyonza ile figo na kulamba vidole, na yeye akamcheka. Aliteleza kutoka kwenye kochi hadi sakafuni, akashika miguu ya mganga. "Susu, nichukue mimi. Aki, mwambie anichukue mimi, nitaenda huko Lukenya nikakae kwa hayo mawe, nitampikia, lakini huyu mtoto, susu, huyu mtoto hajakosea mtu."

"Nyamaza," mwanamke mkongwe akasema, lakini alikuwa ameweka mkono kichwani pake. "Tutarudisha hawa wawili, na beberu mwingine juu. Tuone kama atakubali."

Kesho yake jioni Mzee Mwangangi alisimama langoni kwa Mbithe, kofia mkononi, akiwashika mbuzi kwa kamba. Mbithe alifungua, akaona, akaelewa. Hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyomuumiza Nthambi zaidi.

"Mnamuua mara ya pili," Mbithe akasema.

"Mwaitu, mbona mimi? Mbona mtoto wangu?"

"Kwa sababu ulikuja kuomba." Mjane alizipokea kamba, moja baada ya nyingine, machozi yakimdondoka hadi kwenye leso. "Alikuwa ananilalamikia kila jioni, hapo kwa hiyo mashine. Mama, hakuna anayeitwa kwa jina langu. Mama, kwangu hakuna moto. Wewe ungefanya nini? Wewe na huyo wako, mngelala?"

Walirudi ndani kwa Nthambi. Susu Kamanthe akamkalisha Lavender mapajani pa mamake, akamwambia Muema avute ule waya. Muema alivuta. Taa ikafa. Nthambi alikuwa ameshikilia mbavu za mtoto kwa viganja viwili, akisubiri. Zikapanda. Zikashuka. Zikapanda.

"Niko na njaa," Lavender akasema.

Walilia wote, hata Susu Kamanthe. Lakini alipokuwa akifunga kitambaa chake kichwani aliwavuta pembeni, akanong'ona: "Msiringe bado. Wawili amepokea. Yule wa tatu mmemla, na badala si yeye. Kyalo atakuja kumwulizia. Muema akipeleka ntheo yake, ndiyo siku atakayokuja, na atasimama langoni kama mwenye posa yeyote. Hawezi kujifungulia. Asipofunguliwa na mtu wa kwenu hadi giza liingie, atarudi alikotoka na hatawasumbua tena. Mnanisikia? Mtu wa kwenu asifungue."

Muema alikopa, akauza pikipiki, akapata mbuzi watatu wazuri. Jumamosi iliyofuata jua lilikuwa limeegemea vilima vya Kola wakati alipowasukuma hadi kwa Mzee Mwangangi, naye mzee akawapokea akiwahesabu kwa sauti ili hata majirani wasikie, mmoja, wawili, watatu, akafunga lango na kulikomea kwa kijiti. Akina mama wakapiga vigelegele. Nthambi akavuta pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu ile siku ya adhuhuri. Ameolewa. Sasa ameolewa na aliye hai.

Kisha harufu ikaja.

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Nje ya lango, barabarani, alikuwa amesimama beberu mwingine. Alikuwa mnene, mwenye ndevu, na mgongo wake wote ulikuwa mweupe kwa vumbi, vumbi la mawe, ambalo halipatikani Kola. Hakulia. Hakula majani. Alitazama ndani tu, kwa subira, kama mtu aliyezoea kusubiri.

"Huyo ni wako?" mzee akamnong'oneza Muema.

"Mimi nilikuja na watatu."

"Asifungue mtu," Nthambi akasema. "Asisogee mtu. Jua linaingia. Linaingia sasa hivi, subirini tu, subirini."

Na kweli lilikuwa linaingia. Lilibaki kipande chekundu kama ukucha juu ya kilima, na wote walikuwa wamelikodolea macho, wakilisukuma kwa mioyo yao lishuke, likashuka, likawa uzi, na Nthambi alikuwa anasali midomo ikitikisika pasipo sauti, wakati simu yake ilipotetema mfukoni, hapo Kola ambapo simu hazikuwahi kushika intaneti tangu dunia iumbwe, nayo akaishika ili inyamaze, akaona imeunganika, nguvu kamili, na hakuhitaji kusoma jina.

Akaunyoosha mkono mwingine kando yake, mahali Lavender alipokuwa amesimama.

Hakugusa kitu.

Kule langoni alisikia kikohozi kidogo, kikavu, kisha mlio wa kijiti kikivutwa, na sauti ya binti yake, ya furaha, ya mtoto aliyefundishwa adabu za kumpokea mwenye nyumba:

"Karibu, Baba. Ingia."